Sifa za Sabufa

Wako walioisifu dhahabu, wako walioisifu elimu, na wako walioumaliza wino wao kuwasifu watawala ambao kamwe hawakupungukiwa na wenye kuwasifu. Walakini sijapata kumwona mwandishi aliyeinua kalamu kuitetea sabufa ya Kariakoo, chombo kile cheusi cha maranda yaliyoshindiliwa, chenye taa za rangi usoni na spika ndogo ubavuni, kinachopangwa kuanzia kizingiti cha duka hadi ukingo wa barabara katika mitaa ya Aggrey na Msimbazi, kikinguruma kutwa. Wajuzi wa sauti hukibeza, wenye nyumba hukilaani, na hata wanaokimiliki hukitaja kwa tahayari kidogo. Insafu yadai kwamba asiye na wakili apatiwe wakili, nami naipokea dhima hiyo pasipo ujira.

Nasaba yake si ya kifalme, ila yajulikana. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wakitazama picha za rangi tangu 1973. Na runinga za zama hizo, pamoja na uzito wake wa kuhitaji wabebaji wawili, zilikuwa na nafasi nyuma ya kioo ambamo spika ilipata hewa ya kutolea sauti. Kisha, usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, ving'amuzi vikatamalaki, na runinga bapa zikaenea kutani, nyembamba kwa umbo na nyembamba zaidi kwa sauti, hata goli likawa lafungwa pasipo mwenye nyumba kusikia kishindo. Katika dhiki hiyo walioitwa walikuwa wengi. Aliyeitika kwa bei inayolipika ni sabufa.

Mpinzani wake mtukufu ni risiva ya sinema ya nyumbani, bidhaa ya majina makubwa kama Yamaha, Denon na Onkyo, ambayo sikatai kuwa ina adhama yake. Ila kuichagua ni ibada yenye masharti mengi. Mnunuzi hana budi aamue kwanza kama atazungukwa na spika tano au saba, mbali na ile ya besi. Kisha apime omu za spika hizo zilingane na ustahimilivu wa mashine. Kisha aulize kama mashine yafumbua Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, au yaishia kwenye Dolby Digital ya deki za DVD. Kisha ahesabu matundu ya HDMI, na asijidanganye kwamba tundu ni tundu, kwa maana kanuni za waya huo, zilizotangazwa mwaka 2002, zilibadilishwa 2006 ili ubebe sauti hizo mpya, zikabadilishwa 2009 ili runinga iweze kuirudishia risiva sauti kwa waya ule ule, zikabadilishwa 2013 kwa ajili ya picha za 4K zinazokwenda kwa kasi, na tena 2017 kwa ajili ya zile za 8K, hivyo kwamba mtu mwangalifu, akingoja elimu yake itimie ndipo anunue, huenda akafariki akiwa mjuzi asiyewahi kusikiliza kitu. Sabufa ina waya mwekundu na waya mweupe. Anayekosea kuzichomeka nyaya hizo husikia kulia kilichokuwa kushoto, na sijasikia jirani akililalamikia jambo hilo.

Tena risiva yadhani kila mtu ana sebule pana. Wahandisi wake huchora chumba chenye kiti kimoja katikati, spika mbele, spika ubavuni na spika kisogoni, na huambatanisha kipaza sauti kidogo cha kupimia mwangwi wa kuta. Mchoro huo na uletwe katika nyumba ya Kiswahili ya Gerezani au ya Mtaa wa Narung'ombe, miongoni mwa zile ambazo bado hazijayapisha maghorofa, yenye vyumba sita vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja mrefu unaotokea uani: spika ya kushoto itasimama juu ya jokofu, ya kulia itajificha nyuma ya pazia linalotenga kitanda, na zile za nyuma, maadamu nyuma ni ukuta, itabidi ziombewe hifadhi chumbani kwa mpangaji mwingine. Sabufa haitaki katikati. Besi ya chini hailiambii sikio imetoka upande gani, jambo ambalo wataalamu wenyewe hulikiri. Basi huwekwa popote, chini ya meza au uvunguni, na vyumba vyote sita hupata fungu lililo sawa, usawa ambao Azimio la Arusha liliukusudia mwaka 1967 na ambao haujapata kutekelezwa kwa ukamilifu kama huo mahali pengine.

Watesi wake husema ni mwongo, nao hutaja zile wati 10,000 na zaidi za P.M.P.O. zinazochapwa juu ya maboksi. Hesabu, waama, iko upande wao: plagi yenye fyuzi ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230, haipitishi hata wati 3,000 kamili, na chombo kinachotema elfu kumi kwa kumeza elfu tatu kingestahili kukabidhiwa TANESCO siku hiyo hiyo kilisaidie Bwawa la Mtera. Lakini uongo ni ule unaoaminiwa, na nani Kariakoo aliyeuamini? Muuzaji haamini, mnunuzi haamini, na mita ya LUKU, isiyojua kuongopa, huonyesha uniti zikipungua kwa staha. Tarakimu ile ni takrima ya boksi kwa mteja, na mwungwana haitii takrima mizanini.

Husemwa pia kwamba yaiharibu sinema. Sinema ipi? Mji huu umelelewa na vibanda umiza, ambamo mkanda wa Marekani, wa India au wa Hong Kong huonyeshwa pamoja na sauti ya mfasiri, na aliyezisikia kazi za Lufufu ajua kuwa bwana yule hakufasiri tu bali alieleza, alicheka, alionya na kutabiri, akizungumza juu ya maneno ya mwigizaji na juu ya mlio wa bunduki pia. Kwa sanaa ya namna hiyo chaneli saba ni israfu. Chaneli moja ya kusikia Kiswahili, na besi ya kujulisha kwamba jengo limelipuka, zatosha.

Wala haimfichi mteja tabia yake. Muuza risiva hukukabidhi kijitabu, muuza sabufa huchomeka flashi, huipandisha singeli hadi masufuria ya mama lishe wa jirani yatetemeke, kisha hukuinamia sikioni akasema, "Na hapo sijafungulia yote, bosi wangu."

Yabaki malalamiko ya kelele, ambayo NEMC, baraza la mazingira, ina kanuni zake, nami si mtu wa kubishana na kanuni. Nasema tu kwamba mtesi wake mkubwa kuliko wote ninaowajua, mzee mwenye heshima zake ambaye hajanunua hata redio ya mkulima, anazo kichwani nyimbo zote mpya za msimu, beti kwa beti, na hajakosa goli hata moja la Simba wala la Yanga. Ni msikilizaji wa kila usiku asiyetoa senti wala uniti. Basi lalamiko pekee linalomstahili ni la usiku ule umeme unapokatika.