Barua ya wazi kwa walezi wa Kombe la Calcutta

Kwa Waheshimiwa Viongozi,
Chama cha Raga cha Uingereza, Twickenham,
na wenzenu wa Chama cha Raga cha Uskoti, Murrayfield.

YAH: VIWANGO VYA ADHABU KWA KUPIGA TEKE KOMBE LA FEDHA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpenzi wa michezo, nakaa mbali sana na nyasi zenu, kwenye mitaa ambayo vijana hushindania mbuzi. Siandiki kulalamika. Naandika kuomba mwongozo, maana ninyi ni wakongwe, na kwa jambo hili hakuna chama duniani kilichotuachia mfano mzuri kuliko wa kwenu.

Kwanza nilisoma nasaba ya kombe lenyewe, nikafurahi. Mwaka 1873 Waingereza waliokuwa Calcutta, India, walianzisha klabu ya raga. Joto likawaelemea, wanajeshi wakahamishwa, na ilipofungwa baa ya klabu iliyotoa vinywaji vya bure, basi hata wanachama waliokuwa na mapenzi ya dhati na raga wakakumbuka kuwa wana kazi nyingine za kufanya. Wachache waliobaki wakatoa akiba yao benki ikiwa rupia za fedha, zikayeyushwa, likafuliwa kombe. Mwaka 1878 mkakabidhiwa kwa sharti kwamba lishindaniwe kila mwaka, na mwaka uliofuata timu zenu mbili zikakutana Edinburgh kuligombea, zikatoka sare.

Ni kombe la heshima. Urefu wake unakaribia sentimita 45, juu ya kifuniko amesimama tembo, na mikono yake mitatu ni swila waliojinyanyua. Nadhani fundi wa India aliyelifua alijua tabia za watu, ndiyo maana akaweka swila mahali ambapo mwizi angeshika. Hakuna aliyemwambia kwamba adui angekuja kwa miguu.

Sasa tuje Machi 1988. Uingereza iliifunga Uskoti 9–6 pale Murrayfield, bila trai hata moja. Waliolipa kiingilio hawakuona cha kusimulia. Burudani ilikuja usiku, bure, kwenye Rose Street, mtaa unaosifika kwa baa. Dean Richards wa Uingereza na John Jeffrey wa Uskoti, ambao mchana walikuwa wakivunjana mbavu, walilitoa kombe kwenye karamu wakaenda kulichezea mpira barabarani. Lilirudi limebonyea vibaya, likapelekwa kwa fundi kunyooshwa.

Jeffrey alikuwa mkulima. Richards, kwa kazi yake ya mshahara, alikuwa polisi. Hapo niliacha kusoma kidogo. Huku kwetu mtu akiona mali ya watu inaharibiwa usiku wa manane hukimbilia kituoni. Kombe la watu likimbilie wapi, iwapo askari ndiye anayepiga na anasubiri kurudishiwa pasi?

Mwongozo ninaouomba ni wa hukumu. Uingereza ilimfungia Richards mechi moja. Uskoti ilimfungia Jeffrey miezi sita. Kosa moja, mtaa mmoja, usiku mmoja, kombe lilelile. Nimejaribu kuitafuta kanuni iliyotumika. Huenda teke la mkulima lina uzito zaidi kuliko teke la askari. Huenda pia, kwa kuwa Uingereza ndiyo iliyokuwa imeshinda, Richards alihesabiwa kama mwenye nyumba aliyevunja sahani yake mwenyewe, ilhali Jeffrey aliharibu kitu alichoshindwa kukichukua uwanjani. Kama hiyo ndiyo sheria, iandikeni, maana sisi tunaowaiga hatuwezi kuiga kwa kubahatisha.

Na kuna jambo la baadaye ambalo halipaswi kuachwa. Jeffrey huyohuyo, miaka ilipopita, alikuja kuwa mwenyekiti wa bodi ya chama kilichomfungia. Sisemi neno. Watu hubadilika, na kwa yote niliyosoma aliitumikia raga vizuri. Ila vijana wetu wanaotafuta uongozi wa michezo wameshaanza kuuliza kama ndiyo utaratibu: kwanza teke, kisha kiti.

Msione haya, hamko peke yenu. Aprili 2011, Real Madrid waliifunga Barcelona 1–0 jijini Valencia wakatwaa Kombe la Mfalme wa Hispania. Usiku huo, juu ya basi la wazi jijini Madrid, Sergio Ramos aliliinua juu ya kichwa, likamponyoka, basi likalikanyaga. Kilo 15 za kombe zikaingia chini ya tairi. Ramos alitania kwamba kombe liliruka lenyewe lilipowaona mashabiki walivyofurika. Ushahidi wa basi haukuchukuliwa.

Kule Amerika Kaskazini, Kombe la Stanley la mpira wa magongo wa barafuni lina wahudumu wake maalumu wanaolibeba kwa glavu nyeupe. Mwaka 2022 mchezaji wa Colorado Avalanche alijikwaa nalo akiwahi kupiga picha na wenzake, likabonyea kitako dakika chache tu baada ya kukabidhiwa. Mwaka 2025, mikononi mwa Florida Panthers, bakuli lake likapata ufa na kitako kikabonyea tena. Glavu nyeupe huzuia alama za vidole. Kwa mengine hazina msaada.

Nikaona jambo moja linajirudia. Mwaka mzima kombe hukaa kwenye kabati la kioo, lina kufuli, lina bima, mtoto wa shule akiligusa anafokewa. Kisha unafika usiku mmoja, ndio usiku wa hatari peke yake, nalo linakabidhiwa kwa vijana wenye misuli, usingizi na wiski, halafu walinzi wote wanaaga.

Basi nawaletea pendekezo. Shindanieni mbuzi. Huku, siku ya fainali, mbuzi hufungwa kamba karibu na meza ya waamuzi. Hulia kipindi chote cha kwanza, na kipindi cha pili anakula majani ya kona. Filimbi ya mwisho ikilia, nahodha anamtupia mabegani, wanapiga picha, na kufika saa nne usiku ameshakuwa supu. Habonyei. Hahitaji fundi wa kumnyoosha wala nakala ya kuonyesha watalii. Mchezaji akimpiga teke, atajibiwa kwa pembe papo hapo, bila kikao cha kamati ya nidhamu. Majina ya washindi hayana pa kuchongwa, lakini waliokula wanajijua.

Mkilikataa pendekezo hili, nitawaelewa, kwa sababu mbuzi hana miaka zaidi ya 100. Kombe lenu linayo, na fedha iliyomo ilikuwa sarafu za India, nchi ambayo haikualikwa kwenye karamu yoyote kati ya hizi. Ndiyo maana nawaomba mjibu kwa maandishi maswali mawili tu. Ikifika saa sita usiku, nani amesaini kwamba kombe liko mikononi mwake? Na teke moja bei yake ni mechi moja au miezi sita?

Mpaka majibu yatakapotoka, karamu ikiisha kombe libaki mezani, wachezaji watoke.

Wenu katika ujenzi wa michezo,
Mshabiki wa ligi ya mbuzi.

Nakala: Fundi aliyelinyoosha kombe, kwa taarifa na maandalizi.