Heko kwa Programu Inayogoma Kushuka

Kila kitu ndani ya simu janja kimezoea kusema ndiyo. Ukigusa picha, inafunguka. Ukigusa kitufe cha kulipia, pesa inaondoka bila hata kuaga. Kimebaki kitu kimoja tu chenye msimamo, nacho ni programu inayogoma kushuka. Mwenye simu anagusa "Sakinisha", kiduara kinazunguka, neno "Inasubiri" linatokea, na safari inaishia hapo. Duka la programu za Android lilifunguliwa mwaka 2008 likiitwa Android Market, likabadilishwa jina kuwa Google Play mwaka 2012, na katika miaka yote hiyo hitilafu hii imeambulia matusi tu. Hakuna aliyeisifu. Ni dhuluma iliyodumu mno.

Tuanze na usafi. Simu ya GB 16 iliyonunuliwa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, haimpi mwenyewe GB 16. Android na programu zilizokuja na simu zimeshakalia sehemu kubwa kabla boksi halijafunguliwa. Kinachobaki kinagombaniwa na video za harusi kutoka kundi la ukoo, picha za waridi zilizoandikwa "Asubuhi njema", na tangazo la kikao cha mchango lililotumwa na kila mjumbe kwa zamu yake. WhatsApp isipokatazwa kwenye mipangilio huvihifadhi vyote, cha maana na cha upuuzi. Siku programu ya MB 60 inapotakiwa, simu inajibu kwamba nafasi haitoshi. Mwenyewe anakagua, anakuta MB 70, anaapa kuwa simu inadanganya. Simu haidanganyi: kifurushi hushuka kikiwa kimebanwa, kisha hufunguliwa na kupangwa, na kwa muda fulani kilichobanwa na kilichofunguliwa hukaa pamoja. Kifurushi cha MB 60 kinahitaji uwanja mpana kuliko jina lake.

Hapo ndipo mtu mzima, mwenye kazi na heshima zake, anapoketi kitako kuisoma simu yake kwa mara ya kwanza. Anakuta picha za namba za umeme wa luku zilizokwisha kutumika tangu mwaka juzi. Anakuta mchezo wa magari uliowekwa na mtoto wa dada yake, video ndefu ya giza iliyojirekodi mfukoni, na folda iitwayo Sent yenye nakala za vitu alivyowatumia wengine na kuvisahau. Hakuna mkaguzi wa hesabu anayeweza kumlazimisha mtu kufanya upekuzi wa namna hiyo. Mgomo wa programu moja unaweza, tena bila posho.

Hitilafu hii pia imewarudishia vijana sauti mbele ya wakubwa. Nyumba nyingi zina mjukuu ambaye haulizwi kitu kwenye vikao, lakini simu ikigoma anaitwa kwa jina lake kamili.

"Bibi, hii inasubiri Wi-Fi."

"Basi iambie huyo Wi-Fi hapa haji. Bando lipo, si uliniwekea jana?"

Bibi ana haki, na simu ina haki. Play Store ina mpangilio unaozuia kupakua kitu isipokuwa kwa Wi-Fi, na ukiwashwa, programu inaweza kukaa foleni hadi Idi ijayo huku bando likiwa zima. Mtu akishaona jinsi programu zikijisasisha zenyewe usiku zinavyolila bando la wiki, anaanza kuuheshimu mpangilio huo.

Wakubwa wa California nao wameisujudia hitilafu hii, ingawa hawasemi hivyo. Facebook Lite ilitolewa mwaka 2015 ikiwa chini ya MB 1, kwa ajili ya simu ndogo na mitandao inayokohoa. Mwaka 2017 Google ikatangaza Android Go kwa simu zenye RAM isiyozidi GB 1. Hotuba za ubunifu zilikuwa nyingi, lakini aliyebonyeza penyewe ni yule mnunuzi wa simu ya bei nafuu ambaye programu zilikuwa zikigoma kuingia kwake.

Mgomo wenye elimu kuliko yote ni ule wa tarehe. Simu iliyolala kwenye droo kwa miezi inaweza kuamka ikiamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1970, siku ambayo kompyuta nyingi huanzia kuhesabu muda. Duka linapotaka kuwasiliana nayo kwa usalama, linaonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Simu inakisoma, inaona kwamba cheti hicho kitaanza kazi zaidi ya miaka 50 ijayo, inakikataa. Kwa tarehe iliyonayo, uamuzi huo hauna kosa. Mwenye simu analaumu mtandao, ananunua bando jingine, anahamia dirishani. Fundi anawasha tarehe ya kujirekebisha yenyewe, anapokea ujira wake, na kila kitu kinashuka. Wenye iPhone wanajua jinsi tarehe hiyo inavyoweza kuwa katili: Februari 2016 iligundulika kwamba baadhi ya simu hizo zikirudishwa kwa mkono hadi 1 Januari 1970 na kuzimwa, haziwaki tena. Apple ililiziba shimo hilo kwa iOS 9.3. Ukilinganisha na hilo, kugoma kupakua ni adabu.

Kuna pia migomo inayokuja na namba za hitilafu za Play Store: 495, 504, 919, 927. Hii ya mwisho hutokea duka lenyewe likiwa katikati ya kujisasisha, na dawa yake ni kuliacha limalize. Nyingine nyingi hutibiwa kwa mapishi yaleyale: futa akiba ya Play Store, futa data yake, ondoa akaunti uirudishe, zima, washa. Sifa humwendea aliyeishika simu mwisho.

Wakati mwingine hakuna cha kutibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari kusini mwa Afrika, na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Mtu aliyefuta akiba siku hiyo alikuwa akipaka dawa goti la mwenzake. Ni mara chache mtu wa kawaida hukumbushwa kwamba mchezo wa mwanawe unategemea waya uliolala Bahari ya Hindi.

Na upo mgomo wa ulinzi. Kila programu ya Android hutiwa saini ya kidijitali ya aliyeitengeneza. Toleo lililochezewa likija kwa Bluetooth kutoka kwa rafiki na kutaka kukalia kiti cha programu halisi, saini hazilingani, na simu inakataa kulisakinisha. Wengi huishukuru kwa kuifuta ile halisi ili ya bandia ipate nafasi.

Hitilafu hii, zaidi ya hayo, haijawahi kumwomba mtu ruhusa ya maikrofoni wala orodha ya namba zake. Programu zikishashuka ndipo maombi huanza. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani iliishughulikia tochi ya Android iitwayo Brightest Flashlight, iliyokuwa ikituma mahali alipo mtumiaji na kitambulisho cha simu yake kwa mitandao ya matangazo, hata kabla hajagusa kitufe cha kukubali au kukataa masharti. Tochi hiyo ilikuwa imepakuliwa makumi ya mamilioni ya mara, bila kugoma.