Wati za Luthuli

"Bosi, hii inakula wati 125 tu," muuzaji wa Luthuli Avenue aliniapia. Hakudanganya. Karatasi ya Intel ya Core i9-13900K ina 125 kweli. Mstari mwingine una 253, prosesa ikipandisha kasi. Ni matatu ya Kangemi hiyo: ubavuni abiria 14, ndani hesabu magoti.

Nyumbani nikaanza kutoa video ya harusi. Feni ikalia kama blenda, kipimo nilichochomeka ukutani kikapanda hadi 340 (humo mna hasara ya pawasapulai pia, tusiisingizie prosesa), na taa ya mita ya tokeni ikapepesa kama jicho la anayekudai. Mama mwenye nyumba akabisha hodi.

"Kijana, umeanza kuangua vifaranga?"