Jahazi Halipakwi Sifa Mara Moja

Msyuuu! Hili sinyamazi, jamani. Wala msinishike mkono.

Kijana wetu wa Bukavu kaja kijiweni Jumamosi na gari jipya. Jipya kwelikweli, viti bado vina nailoni. Tukalizunguka pale mtaa wa Grant, hapa hapa Buffalo, Marekani, dada wa Nakuru akapiga kigelegele, na mimi nikamshika bega kijana kwa furaha, maana miaka mitatu iliyopita alikuwa anangoja basi gizani, theluji magotini, aende zamu ya usiku. Kisha akatoa karatasi. Yadi imempa mpaka Jumatano aamue jambo moja: apakiwe dawa ya kutu uvunguni, dola elfu moja na ushei, ziingizwe kwenye mkopo. "Mzee, wameniambia nikilipa hii, kutu sitaiona maisha."

Maisha! Kijiwe kizima kikasonya.

Ubishi ukaanza. Dada wa Nakuru akasema gari za sasa hazihitaji kitu, bati lake limeshapakwa zinki kiwandani, hela hiyo apeleke kwa watoto. Jamaa mwingine akasema lipa tu, Buffalo si pa kuchezea. Nami nasema kila mmoja ameshika upande mmoja tu wa kamba.

Tumtazame adui kwanza. Mji huu unapata theluji zaidi ya mita 2 kwa mwaka, na kila ikianguka, malori yanapita yakimwaga chumvi. Siilaumu chumvi, bila yake tungezikana kila wiki. Lakini mjue inatoka wapi. Inachimbwa jimbo hili hili, kule Livingston, chini kabisa ya ardhi. Mgodi wa zamani wa Retsof uliporomoka na kujaa maji mwaka 1994, ukafunguliwa mwingine jirani yake. Chumvi hiyo ni mabaki ya bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kwa hiyo wewe mtu wa Mombasa au wa Unguja, uliyezoea kuona nondo za dirisha zikimomonyoka na bati la jikoni likitoboka, usidhani bahari umeiacha nyuma. Hapa unaendesha juu yake, miezi mitano kila mwaka.

Chuma kikilowa maji matupu hupata kutu polepole. Maji yakiwa na chumvi, umeme mdogo unapita kirahisi kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na kutu inakwenda mbio. Barafu ikishika sana, kutu nayo inapunguza mwendo. Ikipata joto, inaamka. Ndiyo maana mtu anayeingiza gari lenye tope la chumvi kwenye gereji yenye hita kila usiku, akidhani analidekeza, analimaliza.

Sasa niwaambie yaliyonikuta mwenyewe. Gari langu la kwanza hapa nililinunua mkononi. Uvungu mweusi tii, umepakwa lami nzito, unang'aa. Nikajisifu nimepata gari lililotunzwa. Asubuhi moja ya Machi nakaribia taa nyekundu, nakanyaga breki, kanyagio linazama mpaka sakafuni. Mungu alinisaidia, njia ilikuwa tupu, nikapanda ukingo wa theluji ndipo gari likasimama. Nilikaa pale mikono inatetemeka, siwezi hata kufungua mlango.

Fundi akaliinua, akanipa tochi. Paipu za breki ni nyembamba kuliko penseli. Yangu ilikuwa imevimba, ina magamba kama samaki, na pale ilipopasuka mafuta yalikuwa yanadondoka tone tone. Kisha akachukua bisibisi, akagonga boriti ya chini ya mlango, pale penye lami nzuri. Ganda zima likabanduka mkononi mwake. Nyuma yake unga mwekundu, na maji. Maji, jamani! Lami ilishapasuka kitambo, chumvi ikaingia kwenye ufa, ikafungiwa humo ndani ikila taratibu, na nje panang'aa.

Ndiyo sababu nasonya nikisikia "maisha". Lami ngumu haina maisha. Jiwe linairukia, baridi inaikakamaza, inapata ufa, na ikishapata ufa inageuka kuwa chungu cha kuhifadhia maji ya chumvi. Na vile visanduku vya umeme wanavyouza, eti vinazuia kutu kwa waya? Njia hiyo ya umeme inafaa kwenye meli, kwa kuwa meli imelala ndani ya maji. Gari liko hewani.

Nawe dada yangu wa Nakuru, zinki nakukubalia, inasaidia sana. Milango na mabodi ya sasa hayatoboki kama ya zamani. Lakini gari si mabodi peke yake. Kuna fremu, kuna paipu, kuna pale walipochomelea. Toyota ililazimika mwaka 2008 kuanza kununua tena kutoka kwa wenyewe pikapu za Tacoma zilizooza fremu, na mwaka 2016 ikakubali mapatano ya hadi dola bilioni 3.4 kwa ajili ya fremu za Tacoma, Tundra na Sequoia, zikiwemo za mwaka 2010. Na paipu za breki? Mwaka 2015 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifunga uchunguzi wake kuhusu paipu zilizokuwa zikipasuka kwenye pikapu za General Motors. Haikuamuru zirudishwe kiwandani. Iliwaambia watu wa majimbo ya chumvi waoshe uvungu wakati wote wa baridi na wakague paipu. Maana yake mzigo tumetwishwa sisi wenyewe.

Waranti nayo isomeni. Ya Toyota kwa kutu ni miaka 5, ya Hyundai 7, lakini zote zinazungumzia bati lililotoboka. Kutu ya juu juu ni yako, na paipu ni zako.

Basi tufanyeje? Mzee wetu wa Tanga, ambaye alikuwa kimya muda wote na kikombe chake cha chai, akauliza swali moja tu: "Kwani jahazi hupakwa sifa mara ngapi?"

Pakawa kimya. Kila aliyelelewa ufukweni analijua jibu. Mbao za juu hupakwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mpaka mtaa wa pili. Chini jahazi hupakwa deheni, chokaa iliyopondwa na shahamu. Likipwelewa linalazwa ubavu, linakwanguliwa, linapakwa upya, kila msimu. Hakuna nahodha aliyewahi kuambiwa apake mara moja akakubali. Na mvuvi mwenye mashine ya boti, akirudi pwani, kabla hajala anaisuuza kwa maji baridi.

Hayo ndiyo majibu yetu, tumeyabeba kutoka nyumbani. Kuna mafuta ya kupuliza uvunguni, mengine yametengenezwa kwa lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo. Hayakauki, hayapasuki, yanatambaa mpaka kwenye kona. Yanafifia, kwa hiyo yanapulizwa kila mwaka. Hapa ni dola 150 hadi 200 hivi. Mtaniambia miaka sita ikipita hela ni ile ile. Kweli. Lakini umenunua pia macho: kila mwaka kuna mtu ameingia chini na taa akaziangalia paipu zako. Lami inaficha, mafuta yanaonyesha.

Gari lipulizwe mwezi wa kumi, kabla chumvi haijamwagwa, uvungu umeoshwa na umekauka. Fundi apeleke mpira wake ndani ya boriti na ndani ya milango, huko ndiko kutu inakoanzia. Asiguse diski za breki wala ekzosi. Na asizibe vitundu vya kutolea maji, nitawapigia kelele mpaka nife! Baridi ikiingia, kila siku joto linapopanda juu ya sifuri, peleka gari likaoshwe chini. Kama gari ni la kukodi miaka mitatu ulirudishe, osha tu, usitoe hela zaidi. Kama ndilo la kukulea wewe na wanao miaka kumi, lipake.

Kijana akaniangalia. "Kwa hiyo Jumatano niwaambie hapana?"

"Waambie hapana, mwanangu, na Oktoba njoo unichukue twende wote."

Tukatandika boksi la ndizi chini, tukalala mimi na yeye, simu ikimulika. Uvungu ulikuwa safi, rangi ya kiwandani bado nzima. Nikamwonyesha chini ya mlango wa dereva, vitundu viwili vidogo, vikavu, viko wazi. Akavigusa kwa kidole.

"Vipige picha," nikamwambia. "Na hiyo paipu hapo, ipige. Mwakani tutalala hapa tena tulinganishe."