Heko, edit-pr

Wenye nazo wamesifiwa, wenye vyeo wamesifiwa, hata mabasi yameandikiwa sifa ubavuni. Imebaki edit-pr. Hii ni amri ya kuhariri ripoti za hitilafu katika GNATS, mfumo uliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika kampuni ya Cygnus ya California, ndani ya ukoo wa mradi wa GNU. Haina rangi, haina picha, haina kitufe. Unaandika jina lake kwenye terminali, unaweka namba ya ripoti, unabonyeza Enter. Namba huijui? Shauri lako. Amri haikuletwa duniani kubembeleza watu.

Kwanza tuusifu ukarimu wake. Programu za sasa hukugawia visanduku, hukuchagulia cha kugusa na kukuficha kingine kama mtoto aliyepelekwa ugenini. Edit-pr hukumwagia ripoti nzima ndani ya kihariri, matini tupu kutoka juu hadi chini: namba, kundi, muhtasari, ukali, kipaumbele, anayehusika, hali, maelezo, namna ya kuirudia hitilafu, na tiba kama ipo. Haya, hariri. Na kama hukutaja kihariri unachokitaka, mara nyingi utafunguliwa vi, programu ambayo kuingia ni rahisi na kutoka ni elimu. Mgeni hubonyeza kila kitu kilichopo kwenye kibodi. Wengine huishia kuua dirisha zima la terminali na kujihesabu wameokoka.

Hawajaokoka, kwa sababu kuna kufuli. Ripoti ikishafunguliwa kwa edit-pr, mfumo huweka faili dogo la kufuli lenye jina la aliyeifungua, na yeyote atakayeitaka ataambiwa kuwa iko kwa fulani. Waliofanya kazi kwenye ofisi za serikali wanaijua hali hii: faili limetoka masjala, limesainiwa, na kuanzia hapo kila swali hujibiwa “faili liko kwa mkubwa”. Mkubwa akiwa amekwenda kula, hitilafu nayo hula. Dirisha likiuawa vibaya, kufuli laweza kubaki mlangoni ilhali mwenye nyumba hayumo, mpaka msimamizi aje alivunje kwa amri nyingine. Mimi naliona hili kuwa jambo la afya. Ni programu ngapi zinazompa mhandisi sababu halali, yenye ushahidi wa maandishi, ya kwenda kunywa chai?

Tuusifu na ukali wake wa tahajia. Hali za ripoti katika mpangilio wa kawaida wa GNATS ni tano: wazi, imechambuliwa, imesitishwa, inasubiri majibu, imefungwa. Huchagui kwenye orodha. Unaliandika neno mwenyewe, kwa Kiingereza, herufi kwa herufi. Ukiandika “close” badala ya “closed”, amri haitakukatiza. Itakuacha umalize, uhifadhi, ujinyooshe mgongo, ndipo ikuambie kuwa neno hilo haijapata kulisikia. Huo ni uungwana: mtu hukosolewa baada ya kumaliza kusema.

Hali ya kusitishwa nayo inastahili heshima zake. Ni mahali ambapo hitilafu haikataliwi wala hairekebishwi. Imekaa, imetulia, haimsumbui mtu isipokuwa yule aliyeiripoti.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni swali. Ukibadilisha hali ya ripoti, edit-pr haikuachi uende. Inakuuliza: kwa nini? Hapo mstari ni mtupu, kiteuzi kinapepesa, nawe unatakiwa kuandika sababu mpaka utakapobonyeza Ctrl-D. Kufunga hitilafu huku moyoni ukijua umeichoka tu ni jambo jepesi. Kuliandika jambo hilo ni kazi nyingine. Bila shaka unaweza kuandika “imerekebishwa” na kukimbia. Unaweza kuandika nukta moja. Ila chochote utakachoandika kitabandikwa kwenye sehemu ya mwenendo mwishoni mwa ripoti: ilikuwa wazi, imefungwa, nani kaifunga, siku gani, saa ngapi, kwa nini. Nukta yako itakaa pale pamoja na jina lako na tarehe. Kisha mfumo hutuma barua pepe kwa wahusika, pamoja na yule bwana aliyeripoti, ambaye ndiye hasa atakayeichunguza nukta hiyo kwa makini.

Wenye haraka walilichukia swali hili, na siwalaumu. Ukiwa na ripoti arobaini za kufunga kabla ya jua kutua, kuulizwa “kwa nini” mara arobaini ni adhabu. Mwaka 1998 ikaja Bugzilla, mfumo mwingine wa ripoti za hitilafu, ambayo Terry Weissman aliiandika kwa ajili ya mradi wa Mozilla, na kazi ikahamia kwenye kivinjari na kipanya. Watengenezaji wa mfumo endeshi wa FreeBSD, waliokaa na GNATS kwa miaka mingi, walihamia Bugzilla mwaka 2014 na kuzihamisha ripoti zao za zamani, na ndani yake zile sababu zote, nzuri na za ovyo. Mtu anayetafuta leo chanzo cha hitilafu ya zamani kwenye kiini cha FreeBSD anaweza kusoma jinsi mtu wa miaka ya 1990 alivyojitetea. Hakujitetea kwa kupenda. Alikuwa akitafuta njia ya kutoka.

Na msidhani swali ni la kufunga tu. Lipo jingine, ambalo kwangu ndilo taji la amri hii. Kubadilisha jina la anayehusika, yaani kuchukua hitilafu iliyokushinda na kuitua kwenye kichwa cha mwenzako, nako kunaulizwa sababu. Kwenye mifumo mingine mzigo huhamishwa kwa kubonyeza mara moja, kimya kimya, Ijumaa alasiri. Kwa edit-pr lazima utunge sentensi ya kueleza kwa nini yeye na si wewe, na barua pepe itamfikishia sentensi hiyo kabla hujapata nafasi ya kupita mezani kwake ukamuuliza habari za nyumbani.