Mbuzi Kwenye Kitabu cha Wageni

Ukiniuliza nalinda nini, nitakwambia mwizi bado sijamwona. Katika maghorofa yetu haya ya bei nafuu, hapa Dar es Salaam, mwizi akipanda ngazi mpaka ghorofa ya tano na lifti ikiwa imezima, akifika juu atakuwa ameshaacha wizi. Kampuni ilinipa filimbi, kirungu na tochi isiyo na betri, ikanifundisha namna ya kumkabili mvamizi. Namna ya kumkabili mama mwenye tenga la kuku, anayesema ni wa kesho tu, haikunifundisha.

Wakazi wangu wengi wamekulia nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, baraza mbele, choo na jiko uani. Uani ndipo palipofuliwa, palipopikwa, palipochinjwa, palipoanikwa, na ndipo wapangaji walipogombana wakapatana. Mwaka 2022, Rais Samia alipozindua maghorofa ya Magomeni Kota kwa ajili ya kaya 644 za kota za zamani, watu walishangilia, na walikuwa na haki. Mimi niliwawaza walinzi wenzangu wa huko nikasema, poleni. Maana wachora ramani huvipandisha vyumba juu, uani wakausahau chini, na yote yaliyokuwa yakifanyika uani humwangukia mtu wa getini.

Chukua mbuzi. Kanuni zetu zimebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: MIFUGO HAIRUHUSIWI. Jioni moja, kabla ya Idi ya kuchinja, baba wa ghorofa ya nne akaja na beberu mwenye ndevu kunishinda. Nikamwonyesha tangazo.

"Afande, huyu si mfugo," akanijibu kwa upole. "Huyu ni ibada."

Mimi nani nizuie ibada? Ila kila anayeingia lazima aandikwe, kwa hiyo nikafungua kitabu cha wageni. Jina: Mbuzi. Anakwenda kwa: nikaandika namba ya nyumba. Muda wa kuingia: saa kumi na mbili jioni. Saini akaweka mwenyeji wake kwa niaba. Safu ya muda wa kutoka nikaiacha wazi, kwa sababu za kiutu.

Lifti ilikuwa imelala, mbuzi akapelekwa kwa ngazi. Ghorofa ya kwanza alipanda kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Ya pili akaanza kufikiri. Kati ya ya pili na ya tatu akalala kwenye ngazi, akakata shauri. Baba akavuta kamba, mimi nikasukuma nyuma, sehemu ambayo mkataba wangu hauitaji kabisa. Mama mmoja aliyekuwa anashuka na ndoo akatuangalia, akasema, "Afande, naona leo umepandishwa cheo." Mbuzi alilala palepale mpaka jirani alipomletea maganda ya ndizi. Wiki iliyofuata msimamizi wa majengo akapitia kitabu, akaniuliza kwa ukali kuna mgeni gani ameingia na hajatoka. Nikamwambia, bosi, huyo ametoka kwa awamu.

Moshi nao usiseme. Kila nyumba ina sehemu ya kuweka mtungi wa gesi, na kila mama ana jiko la mkaa nyuma ya mlango. Siku niliyoona moshi mzito ukitoka korido ya juu nilipuliza filimbi, nikawapigia Zimamoto 114, nikabeba mtungi wa kuzimia moto ngazi zote. Nikamkuta bibi mmoja anapepea mkaa, sufuria ya pilau imefunikwa, makaa mengine juu ya mfuniko.

"Pumua kwanza, mwanangu," akasema. "Halafu nawa mikono."

Pilau ilikuwa nzuri. Maelezo niliyowapa Zimamoto hayakuwa mazuri.

Na usiku kuna Luku. Ukinunua umeme unaletewa tarakimu 20, na mzee wa ghorofa ya tatu macho yake ya usiku hayafiki tarakimu ya nne. Saa nane za usiku ananiita nimsomee kwenye simu yake, yeye abonyeze kwenye mita. Tukifika ya kumi na saba anauliza, "Ile ya pili ulisema tano au tisa?" Tunarudi mwanzo. Huo ndio msaada wenyewe kwa wakazi, na hakuna siku niliyoona umewekwa kwenye ripoti.

Lakini shughuli pevu ni Luku ya wote: ya lifti, taa za korido na pampu inayopandisha maji kwenye matangi ya juu. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo ilishalisema hili: ngazi, korido na paa ni mali ya pamoja, na gharama zake ni za pamoja. Kwenye vikao kila mtu anakubali hiyo mali ya pamoja. Daftari la michango likipita, ghafla kila mtu anakumbuka ana sufuria jikoni. Mama wa ghorofa ya chini ndiye mgumu kuliko wote: "Lifti naipandia wapi? Huko juu nakwenda kumsalimia nani?" Nikimwambia pampu nayo inakula umeme huohuo, ananijibu kwamba maji yake yanatoka bombani, hayahitaji kupanda mlima. Hapo sina hoja. Umeme ukikatika, ndoo za ghorofa ya tano nazibeba mimi.

Kwa hiyo, ndugu mchora ramani, maghorofa yajayo yape uani: sehemu ya kuanikia, ya kupikia shughuli, na ya mbuzi kungojea Idi yake kwa heshima. Na wewe mkazi unayesoma hapa huku umekwepa mchango wa mwezi huu, daftari liko kwangu getini. Nakuja kugonga, na lifti ikiwa haifanyi kazi nitapanda kwa ngazi.