Barua ya Dublin: Dracula Hupiga Hodi

Barua ya mwandishi wenu huku Dublin kwenu mliobaki Tanga imechelewa. Jumamosi iliyopita mwandishi alilala taa zikiwaka, na Jumapili akashinda akimweleza jirani, bibi mmoja wa Kiayalandi mwenye moyo mwema, kwa nini alimwona mtu mzima amesimama mvuani saa sita za usiku, na msuli na kandambili, akibishana na mlango.

Chanzo ni filamu.

Inaitwa Abigail, filamu ya mnyonya damu iliyotoka Aprili 2024. Walioiongoza ni Matt Bettinelli-Olpin na Tyler Gillett, ambao mwaka 2019 walitoa Ready or Not, nayo ya watu kukimbizana kwa silaha ndani ya jumba la kitajiri. Safari hii bwana mmoja aitwaye Lambert amekodi wahalifu sita wasiojuana. Kazi yao ni kumteka binti wa miaka 12, mcheza baleti, mtoto wa tajiri. Kumpeleka kwenye jumba la mbali na kumlinda kwa saa 24, hadi baba yake atoe dola milioni 50. Simu zinakusanywa kwenye mfuko. Majina halisi ni marufuku, hivyo Lambert anawapachika ya kuazima kutoka kwa waimbaji na wachekeshaji wa zamani wa Marekani: Frank, Sammy, Dean, Joey, Peter, Rickles. Kisha huyo, anaondoka zake.

Mwandishi wenu anaishi na wenzake watatu, maana kodi za Dublin hazimruhusu mtu kuwa na faragha. Kuna nesi kutoka Kerala, kuna Mbrazili anayepeleka vyakula kwa baiskeli, na kuna ndugu yetu wa Lubumbashi, mlinzi wa usiku. Wote wanne walikuwa kwenye sofa moja la watu watatu. Simu zilipokusanywa, Mbrazili alikunja uso. Alitaka kujua mkataba uko wapi, na mtu akivunjika mguu kazini analipwa na nani. Hakujibiwa. Mlubumbashi alitikisa kichwa na kutoa hukumu ya Kikwao: "Bale batu beko bajinga."

Hebu mtazame tukio lenyewe kwa macho ya pwani. Ni usiku, kuna gari, na ndani yake watu wasiofahamika. Mtoto anadakwa, anachomwa sindano, analegea, anapelekwa kwenye jumba lisilo na jirani. Mtazamaji wa Dublin alikuwa bado anasubiri mnyonya damu ajitokeze. Mwandishi wenu na Mlubumbashi walikuwa wameshawaona sita, na sindano mkononi.

Ndiyo tofauti yetu na hawa wenyeji wetu. Mnyonya damu wao ni mwungwana, ana jumba na koti refu. Wa kwetu ana ajira. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaeleza kwamba mumiani ilikuwa dawa nyeusi kama ulimbo, iliyosemekana kutoka Uajemi, na watu wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Baadaye neno likahama kwenye dawa likamkalia mtu anayeitafuta hiyo damu. Nairobi na Kampala za wakati wa ukoloni walimwita mzimamoto, wakiwanyooshea kidole askari wa zimamoto na magari yao. Katanga kulikuwa na batumbula, ambao Mlubumbashi wetu alitishiwa nao na bibi yake kila alipokataa kulala. Mwanahistoria wa Kimarekani Luise White alizikusanya simulizi hizi katika kitabu Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000, na badala ya kuzicheka alizisikiliza kama habari za kazi na utawala: nani kaajiriwa, kwa mshahara gani, na kwa nini hawezi kumwambia mkewe anachofanya usiku.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ya Abigail ni hadithi ya mumiani tupu, ingawa waliotengeneza huenda hawajui. Mwandishi wenu alilithibitisha hilo Jumapili kwa kumpigia simu shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Alipomaliza kusimulia, shangazi aliuliza, "Hao waliomchukua mtoto wana gari?"

"Wanalo."

"Na sindano?"

"Nayo wanayo."

"Basi hao ndio mumiani wenyewe. Mtoto kakosa nini?"

"Ana meno, shangazi."

"Nani hana meno?"

Hapa asiyependa kuharibiwa utamu aruke mbele, ingawa tangazo la filamu lenyewe lilikwisha mwaga mchele penye kuku wengi. Dean ndiye wa kwanza kuuawa, na kichwa kinatenganishwa na kiwiliwili. Vyuma vinashuka, jumba linajifunga, na wale sita, sasa watano, wanaanza kutazamana kwa jicho la pembe. Ni mtego wa zamani, ule alioutumia Agatha Christie mwaka 1939 alipowafungia watu kumi kisiwani na kuwapukutisha mmoja mmoja. Wahalifu wetu wanamshuku kila mtu, pamoja na muuaji mmoja wa kusikika tu ambaye wanadhani amejificha humo. Asiyeshukiwa ni yule aliyefungwa pingu kitandani na kitambaa machoni, anayelia na kusema kwa adabu kwamba anawaonea huruma kwa yatakayowapata.

Alisha Weir, mtoto wa Dublin hapa hapa, ndiye Abigail, na filamu nzima imebebwa na mabega yake madogo. Anapita kutoka kilio hadi kebehi kwa kupepesa jicho. Anaua huku akicheza baleti, mikono imenyooka, vidole vya miguu vimesimama, kama mwanafunzi anayeogopa kukatwa alama. Wanyonya damu wa humu hawafi kwa kuanguka. Wanapasuka kama mfuko wa juisi uliokanyagwa. Nesi wa Kerala alichoka mapema. Alisema mtu mzima ana lita tano hivi za damu, na pale sebuleni alishahesabu za ukoo mzima.

Kwa kweli, dakika arobaini za mwanzo, kabla mdomo wa mtoto haujafunguka, ndizo bora. Mwishoni hadithi inageuka, inageuka tena, hadi mtazamaji anaanza kuangalia saa. Lakini kuna jambo la vitunguu, nalo mwandishi wenu hawezi kulipita.

Walipogundua wamefungiwa na kiumbe cha namna gani, wahalifu walikumbuka yale wanayoyajua kutoka sinema nyingine: msalaba, kigingi cha mti, kitunguu saumu. Sammy, binti mtaalamu wa kompyuta, akatumwa, akarudi na mzigo wake kwa fahari. Vilikuwa vitunguu maji. Frank akamtukana, na wenzetu wawili wakacheka hadi machozi. Waswahili wawili hawakucheka sana. Kwa Kiingereza, kuchanganya vitu hivyo ni upumbavu, kwa kuwa majina hayafanani hata kidogo. Kwa Kiswahili vyote ni vitunguu, na kila mtoto aliyewahi kutumwa dukani na akarudi na kisichotakiwa anamwelewa Sammy. Tena letu ni jina lenye hekima kuliko lao: saumu ni kitunguu, saumu ni kufunga, na kama kuna kiumbe asiyeiweza saumu hata siku moja, ni mnyonya damu.

Tukirudi Dublin, mji huu una haki ya kuona filamu hii ni ya nyumbani. Jumba lililotumika ni Glenmaroon, kando ya bustani kubwa ya Phoenix Park, ambamo kulungu hutembea kama mbuzi wa Chumbageni. Lilikuwa la Ernest Guinness, wa ukoo wa ile bia nyeusi ambayo wajomba huiita dawa ya damu. Baadaye likawa mikononi mwa masista wa Kikatoliki. Upigaji picha ulikatizwa Julai 2023 na mgomo wa waigizaji wa Marekani, na mwisho wa mwezi huo Angus Cloud, aliyeigiza Dean, akafariki dunia. Filamu imetolewa kwa kumbukumbu yake.

Na mwenyewe Bram Stoker alizaliwa Clontarf, Dublin, mwaka 1847. Kabla ya kumleta Dracula duniani mwaka 1897 alikuwa karani wa serikali katika Dublin Castle, na mwaka 1879 alichapisha kitabu kuhusu wajibu wa makarani wa mahakama ndogo. Huenda ndipo alipojifunza ukarani wa kutisha, maana Dracula ana kanuni kama za ofisi: haingii nyumba ya mtu mpaka mwenyeji amkaribishe. Shangazi aliposikia hilo alilainika. "Kumbe anapiga hodi," alisema. "Huyo ana malezi."

Kanuni hiyo ndiyo iliyomponza mwandishi wenu. Filamu ilipokwisha ilikuwa zamu yake kutoa mapipa ya taka. Milango ya hapa hujifunga yenyewe, na ufunguo ulikuwa ndani, mezani, pamoja na simu. Mvua ikaanza. Akagonga.

"Hodi!"

Kimya. Kisha sauti ya Mlubumbashi, nyuma ya mlango: "Weye nani?"

"Ni mimi, fungua!"

"Bote banasema vile."

Ndani vicheko, mnong'ono, droo ya jikoni ikafunguliwa. Mwandishi wenu aliomba, alitishia, alitaja majina ya mababu. Dirisha la jirani likawaka taa. Mwishowe kile kijitundu cha kupitishia barua kikafunuka, vidole vikatoa kipande cheupe, na sauti ikaamuru: "Tafuna tuone."

Akakitia mdomoni, akakitema.

"Hiki kitunguu maji!" alifoka.

Humo ndani wakashauriana. Nesi ndiye aliyekata shauri: mnyonya damu angenyamaza, akatafuna, akaingia. Kitasa kikazunguka.